Kufuli la Bi. Atuganile

Saa tatu na robo asubuhi, watu mia tatu na kumi na mmoja wa Chunya walikuwa wameshindwa kubadili mwendo wa pumzi zao, na mimi, fundi wao, nilikuwa nazunguka chumbani kutafuta miwani.

"Gwakisa, ipo usoni," nesi Subilaga aliniambia.

Kweli ilikuwa usoni. Ndivyo siku ilivyoanza, na sioni sababu ya kujipamba mbele ya msomaji. Tangu niingie pale mpaka nilipotoka, sikuwahi kuwa na hakika ya jambo lolote kwa zaidi ya dakika tano.

Subilaga alikuwa ameshika puto la mpira kwa mikono miwili. Alilibinya, akaliachia, akalibinya tena. Mrija wake uliingia chini ya koo la mwanamke wa miaka sitini na tisa aliyeketi kitandani, mgongo ukutani, kitenge amekifunga vizuri kama anayengoja wageni. Huyo alikuwa Bi. Atuganile, wa mia tatu na kumi na mbili. Vifua vya wenzake vilikuwa vimekwama kwenye mwendo mmoja. Cha kwake kilikuwa kimesimama kabisa.

"Shikamoo, mama," nilisema.

"Marahaba, fundi." Ilibidi angoje puto libinywe ndipo apate hewa ya kuendelea. "Umechelewa."

Vifua vya Chunya havina akili. Dhahabu ilipokwisha, vumbi lilibaki ndani ya watu waliokuwa wakisaga mawe, nao wakawekewa mifuko ya kupumulia chini ya mbavu, ambayo ndiyo tunayoiita vifua. Mfuko wenyewe haujui lolote. Unangoja amri, na amri inatoka kwenye Kiini, programu inayokaa ndani ya kabati la chuma hapo hapo Nyumba ya Pumzi, chumba cha pili. Kiini ndicho kinachojua kwamba fulani amelala, apewe pumzi za taratibu. Fulani anapanda kilima, aharakishiwe.

Tangu alfajiri Kiini kilikuwa kimenyamaza, na kila mtu akabaki na amri yake ya mwisho. Mwalimu Sichila alikuwa usingizini wakati huo. Alipoamka kwenda kunawa uso, pumzi za usingizi hazikumtosha, akaanguka bafuni. Muuza nyanya mmoja alikuwa anakimbia mvua. Sasa mvua ilikuwa imekatika, mwanamke ameketi barazani kwake, na bado anahema kama anayekimbizwa. Subilaga alikadiria kwamba moyo wake hautafika mbali baada ya adhuhuri.

"Washa hiyo mashine yako basi," alisema. "Vidole vinaniingia ganzi. Mlinzi tuliyekuwa tunapokezana naye nimemtuma kwa mwalimu."

Nikaunganisha kompyuta yangu na Kiini, nikakaa sakafuni, nikaanza kusoma.

Ndani ya Kiini, kila ombi hubebwa na uzi wake. Uzi ukitaka kugusa faili ya mtu, kwanza unaifunga kwa kufuli, ili uzi mwingine usije ukaandika juu yake kazi ikiwa nusu. Ukimaliza, unafungua. Uzi utakaokuta kufuli limefungwa unasubiri mpaka aliyelifunga alifungue. Ni adabu ile ile ya choo cha shule.

Nikaita orodha ya wanaosubiri. Nyuzi mia tatu na kumi na moja zilikuwa zimepanga foleni nyuma ya uzi mmoja, kwa kuwa Kiini hutoa makufuli kwa zamu, na huo wa mbele nao ulikuwa unasubiri kufuli. Kufuli la nani? La Atuganile; faili yake iliposhikwa nusu, kifua chake kilibaki bila amri. Na nani amelifunga kufuli la Atuganile?

Nilisoma jibu mara tatu. Nikavua miwani, nikaifuta, nikasoma tena. Lilikuwa limefungwa na uzi ule ule. Uzi ulikuwa umeshika kufuli, na ulikuwa unasubiri, kwa utulivu kabisa, mwenye kulishika aliachie.

"Unajisubiri wenyewe," nilisema kwa sauti.

"Nani?"

"Uzi."

"Gwakisa, sema na mimi kama mtu."

"Kuna kufuli limefungwa, na anayesubiri lifunguliwe ndiye aliyelifunga."

"Si afungue?"

"Hajui kama ni yeye."

Subilaga alinitazama kwa muda, mikono yake ikiendelea na kazi. Sikumlaumu. Na mimi nilikuwa najitazama hivyo hivyo.

Nikashuka chini zaidi, hadi kwenye mistari niliyoitambua kabla sijaisoma, maana niliiandika mwenyewe. Maombi madogo madogo Kiini huyakubali chenyewe. Matatu makubwa, yaani kubadili mipaka ya kifua, kuhamia Kiini cha mji mwingine, na kukizima kifua, yanahitaji ridhaa ya msimamizi, ndugu aliyechaguliwa na kikao cha ukoo. Kwa hiyo Kiini hufunga faili ya mwombaji, kisha hufunga faili ya msimamizi wake, ndipo huuliza. Faili mbili, makufuli mawili. Nikafungua jedwali la wasimamizi, nikatafuta jina la Bi. Atuganile. Mbele yake, kwenye nafasi ya msimamizi, pameandikwa Atuganile.

Hapo nilikumbuka kikao chetu cha Mbeya, miaka kumi na mmoja nyuma. Tulikuwa watu saba mezani. Dada mmoja wa takwimu aliuliza itakuwaje mtu akiwa hana ndugu wa kumsimamia. Tulicheka. Mimi nilicheka kuliko wote. "Hata kichaa ana shangazi," nilisema, watu wakapiga meza, tukaenda kula. Sikuandika hata mstari mmoja wa kuuliza kama mtu na msimamizi wake ni mtu yule yule. Mtu wa namna hiyo ungempata wapi? Basi nilikuwa nimempata, na alikuwa ananiangalia.

*

Saa nne Injinia Sichone alipiga simu kutoka Mbeya. Ni mkubwa wangu, mtu mpole sana, na upole wake ndio unaonitia hofu.

"Mama huyo aliomba nini?" aliuliza.

"Sijui. Ombi limo ndani ya faili iliyofungwa."

"Chungulia. Ufunguo wa fundi unao."

"Na kiapo ninacho."

"Ni moja kati ya matatu, Gwakisa. Kama ni kuzima, heri tujue mapema."

Ombi la pumzi ni siri ya mwombaji na msimamizi wake, na tuliapishwa mmoja mmoja kwamba hatutasoma. Nilikuwa sijawahi kushawishika kiasi kile.

"Haya," alisema Sichone. "Zimebaki njia mbili. Kaka yake yuko Tukuyu, amekwisha kunipigia. Mwandike yeye kwenye jedwali. Kufuli la pili litakuwa la mtu mwingine na uzi utapita. Au uue uzi."

"Nikiua uzi, faili yake itabaki nusu. Kiini hakitamtambua tena. Hatapata kifua kingine, na puto hili halitabinywa milele."

"Na mia tatu na kumi na moja watapumua. Nakupa mpaka saa sita. Ikifika, nitauua mimi kutoka huku, isije ikakulemea moyoni. Pole sana, mwanangu."

Nilipokata simu, Subilaga aliniita kwa kidevu. Nikasogea.

"Jana alinitamkia kwamba amechoka na hiki kifua," alininong'oneza. "Kwa maneno hayo hayo."

"Amechoka vipi?"

"Sasa nianze kumhoji amechoka vipi? Mtu hana mume, hana mtoto, ukoo hausemi naye. Kuchoka kuna aina ngapi?"

"Nawasikia," alisema Bi. Atuganile. Akangoja puto. "Kilichoharibika ni mapafu. Masikio ni mazima."

Niliona haya. Nikavuta kigoda, nikaketi karibu yake.

"Mama, nisamehe. Nisaidie tu jambo moja. Uliomba nini?"

"Niliomba kwa Kiini."

"Kiini kimekwama."

"Basi kitengeneze."

"Kuna watu wako hatarini, mama. Nikijua ulichoomba, nitajua la kufanya."

"Ningetaka ujue wewe," alisema, akavuta pumzi ya Subilaga, "ningekuomba wewe."

Nikamwambia juu ya kaka yake wa Tukuyu. Mkono wake, uliokuwa umetulia juu ya kitenge, ukakunja ngumi.

"Asiguse."

Alinieleza sababu kwa vipande, kila kipande urefu wa puto moja. Mdogo wake, Tumpe, alikuwa na kifua kama hiki, mwaka wa pili wa Kiini. Akapata kiharusi, akapoteza kauli. Kikao cha ukoo kikakaa sebuleni. Kaka ndiye aliyekuwa msimamizi. Wakasema Tumpe anateseka, aachwe apumzike.

"Walimhurumia kweli," alisema Bi. Atuganile. "Sikatai. Kaka alilia sana." Puto. "Mimi nilikuwa nimemshika Tumpe mkono. Akanifinya." Puto. "Nikawaambia, jamani, ananifinya, hataki. Wakasema ni mishipa tu."

Subilaga aligeuza uso dirishani, lakini mikono yake haikukosa hata zamu moja.

Baada ya matanga Bi. Atuganile alikwenda kwa karani wa Nyumba ya Pumzi, akataka jina la kaka yake lifutwe kwenye karatasi zake. Karani akamwambia ile nafasi haikubali kuachwa wazi. Akamwambia, basi andika langu. Karani akauliza, mama, utajisimamia mwenyewe? Naye akamwuliza karani kama anamwona mwingine pale.

Nilitaka kusema pole. Sikustahili kulisema, maana karani aliandika tu alichoambiwa, na aliyeifanya nafasi ile ikatae kuachwa wazi nilikuwa mimi.

*

Nilianza na njia ya mvivu. Lipo kufuli la aina nyingine, linalomkumbuka aliyelifunga, likamruhusu aingie tena na tena huku linahesabu ameingia mara ngapi. Ni kazi ya mistari miwili. Niliiandika, nikajipongeza, kisha nikakumbuka kwamba chini kabisa ya Kiini ipo sehemu inayopanga mwendo wa pumzi, na sehemu hiyo huamini kwamba ukishapata kufuli, faili utaikuta imekamilika. Ukimruhusu mtu aingie mara ya pili kazi ikiwa nusu, kifua kitapewa amri yenye kichwa kipya na mkia wa zamani. Nikafuta yote.

Njia ya pili ilikuwa ya kweli. Kabla ya kufunga, uliza kwanza: mwombaji na msimamizi ni mtu mmoja? Kama ndiyo, funga mara moja tu, chukua ridhaa, endelea. Mtoto wa sekondari angeweza kuiandika. Niliweka vidole kwenye vibonye vya kompyuta, vikagoma.

Ridhaa ile hatukuiweka kwa ukorofi. Mwaka wa kwanza wa Kiini, mtu mmoja wa Makongolosi alikizima kifua chake asubuhi, baada ya kugombana na mkewe. Mke hakuwa amekimbia. Alikuwa amekwenda kununua vitumbua, arudi wapatane. Mimi ndiye niliyekwenda kukitoa kifua kile, na vitumbua vilikuwa bado mezani. Tukasema hapana, pumzi ya mtu isikatwe na mtu mmoja peke yake, hata akiwa ni mwenyewe. Sasa mstari wangu ungetoboa ukuta ule. Yeyote atakayejiandika msimamizi wake angeweza kuamka vibaya siku moja na akamaliza kila kitu kabla jirani hajapiga hodi.

Kwa hiyo kile nilichokuwa nakirekebisha, kilikuwa hitilafu kweli? Kama kosa linamzuia mtu asijidhuru, tuliite kosa? Lakini lilikuwa linamzuia asiombe lolote lile, jema wala baya, kwa sababu tu hana wa kumwombea. Mwenye shangazi anasikilizwa, asiye na shangazi anagonga mlango wa nyumba yake mwenyewe mpaka afe. Nilipata majibu mawili, yote mazuri, na hayakupatana. Kichwa kilikuwa kinaniuma.

"Saa tano na nusu," alisema Subilaga. Jasho lilikuwa linamdondoka kidevuni. "Muuza nyanya ameanza kutapika. Gwakisa, fanya kitu, hata kama ni kibaya."

Nikaandika. Sitadanganya kwamba nilikata shauri. Niliandika kwa sababu sikuweza kuandika jina la kaka, na sikuweza kukaa kungoja upole wa Sichone.

Pembeni mwa chumba kulikuwa na kifua cha majaribio ndani ya sanduku la kioo. Nikakipa programu mpya. Kikapumua mara moja, mara mbili, kisha kikaanza kudundadunda hovyo, kikavimba, kikajikunja, kikagonga kioo.

"Hicho ndicho unachotaka kumpa?" Subilaga aliuliza.

"Subiri."

"Unasubiri nini?"

Kwa dakika nne sikujua. Halafu nikaliona, nikajizaba kofi la paja. Nilikuwa nimeweka swali langu mahali pa kufunga, nikasahau kuliweka mahali pa kufungua. Uzi ulikuwa unafunga mara moja na kufungua mara mbili, na kule kufungua kwa ziada kulikuwa kunaingiza wengine ndani, kazi haijaisha. Kosa la mwanafunzi, na mimi mvi zimeshaanza kuniota. Nikaliweka swali pande zote mbili. Nikajaribu tena, nikahesabu pumzi thelathini, zote sawa.

Ilikuwa saa sita kasoro dakika nane.

*

Kuurekebisha msimbo hakukutosha. Uzi wa mbele ulikuwa umekwisha lala mlangoni pa kufuli, na aliyelala haoni mlango mpya. Ilibidi tuuamshe na kuurudisha hatua moja, ukutane na swali. Ombi la Bi. Atuganile ndilo lingetimizwa la kwanza, kisha foleni nzima ingefunguka nyuma yake.

Vidole vya Subilaga vilikuwa vimekufa ganzi. Nikachukua puto mimi, nikamwonyesha kibonye cha kuamshia. Sikujua kama kubinya hewa ya mtu mwingine ni jambo zito namna ile. Unasikia kifua chake kinavyokubali.

"Mama, tuko tayari," nilisema. "Utasikia kifua kinaanza."

"Ukiamsha, uachie hilo."

"Puto? Hapana, mama. Tulishike kidogo mpaka tuone."

"Ukilishika, utaamua wewe." Akangoja nibinye, nami nikabinya. "Nimeomba mimi. Kiwe changu."

Nilimtazama Subilaga. Alitikisa kichwa kukataa, kisha akakitikisa tena, sijui kwa maana gani.

"Niahidi, fundi."

Nikaahidi. Nilikuwa namaanisha. Nataka hilo lieleweke.

Nikalegeza mikono, nikaliacha puto lilale mapajani mwangu. Subilaga akabonyeza.

Kifua kikaamka. Kilivuta pumzi moja, ndefu, ndefu kuliko zote nilizowahi kuona kwa mtu wa Chunya, mabega ya Bi. Atuganile yakapanda, kitenge kikakaza. Kisha kikaanza kushuka. Kikashuka polepole, bila haraka yoyote. Vifua vyetu hutoa hewa kwa hesabu ya nne, halafu huvuta tena. Nilihesabu. Nne. Tano. Alikuwa amefumba macho, midomo imeachana kidogo. Sita. Kifua kilikuwa bado kinashuka.

"Gwakisa," Subilaga aliita.

Saba. "Mama?" nilisema. Hakujibu. Nane. Kidole chake cha shahada kikainuka kutoka kwenye kitenge, kikabaki juu. Sikuelewa kinasema nini. Kinaniambia ningoje? Kinaniaga? Vitumbua vya Makongolosi vilinijia machoni.

Tisa. Nikashika puto kwa mikono miwili, nikabinya kwa nguvu zangu zote.

Hewa yangu iligongana na yake kooni. Akajikunja, akakohoa mpaka machozi yakamtoka, na kifua kikababaika kabla hakijapata tena mwendo wake. Nikabinya mara ya pili.

"Acha!" Subilaga alipiga kelele. "Kinafanya kazi! Soma, Gwakisa, soma!"

Mipaka mipya ya kifua huonekana na kila nesi, haina siri. Ilikuwa imeandikwa kwenye kioo cha kompyuta: kutoa hewa, kutoka hesabu ya nne hadi hesabu ya ishirini. Hapakuwa na kingine. Chini yake foleni ilikuwa inayeyuka, mia mbili, tisini, kumi na mbili, na simu ya Subilaga ilikuwa inalia mfululizo. Muuza nyanya alikuwa ametulia. Mwalimu Sichila alikuwa amesimama.

Bi. Atuganile alijifuta macho kwa pindo la kitenge. Alipofungua mdomo, maneno yakatoka moja kwa moja, bila kungoja mtu ambinyie.

"Miaka tisa kifua hiki kinanikata katikati ya mstari kila nikiimba, kila wimbo, hata nikiwa peke yangu jikoni, nikasema leo nitafika mwisho wa mstari mmoja kabla sijazeeka zaidi."

"Nilidhani..." nilisema.

"Najua ulichodhani. Na wao walidhani."

Puto lilikuwa bado mikononi mwangu, na vidole vyangu vilikuwa vinaendelea kulibinya vyenyewe.

"Kidole ulikiona?" aliuliza.

"Nilikiona, mama."

"Kilikuwa kinasema nini?"

"Sikujua."

"Basi ungengoja," alisema, akamwita Subilaga aje amtoe mrija, maana mikono yangu hakutaka tena imguse.